SAMPULI KAMA SHAHIDI: UKUSANYAJI, UHIFADHI NA UPIMAJI WA SAMPULI KATIKA NYANJA MBALIMBALI, KWA MIFANO YA KILIFI

IKISIRI

Makala haya yanaeleza jinsi sampuli zinavyokusanywa, kuhifadhiwa na kupimwa katika nyanja tatu: tiba, akiolojia na isimu. Mifano imechotwa Kilifi, kuanzia hospitali ya mjini na pango la Panga ya Saidi hadi Kibarani. Hoja yetu ni kwamba sampuli ni shahidi, na kwamba ushahidi wake hujengwa au hubomolewa kabla haujafika kwenye meza ya mpimaji. Aidha, tunadai kuwa mwanafunzi wa Kiswahili anahusika kwa njia mbili: yeye mwenyewe ni mkusanyaji wa sampuli za lugha, na lugha anayoisomea ndiyo inayotumiwa kuombea sampuli za wengine.

1.0 UTANGULIZI

Mpishi wa Pwani anapotaka kujua kama wali umeiva hali sufuria nzima. Huchota punje chache, akazibonyeza kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akaamua. Akitaka kujua kama mchuzi umekolea chumvi, huukoroga kwanza ndipo akaonja, kwa kuwa anajua kwamba mchuzi wa juu si lazima uwe sawa na wa chini. Katika vitendo hivi viwili vya jikoni mna kanuni nzima ya sampuli: sehemu ndogo husimama badala ya kitu kizima, na haiwezi kusimama ipasavyo ikiwa imechotwa ovyo.

Wanafunzi wengi wa Kiswahili hukutana na neno sampuli katika sura ya tatu ya tasnifu zao, mahali pa kueleza idadi ya watafitiwa na mbinu za kuwateua. Sura hiyo aghalabu huandikwa kwa haraka, kana kwamba ni ushuru wa kulipwa ili msafiri aruhusiwe kuvuka. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hapo ndipo utafiti unapopona au unapokufa. Tumechagua Kilifi kwa sababu ni nadra kupata mahali pengine katika mwambao wetu ambapo damu, mifupa na maneno vimekusanywa kwa wingi namna hii katika eneo dogo.

2.0 NENO SAMPULI

Neno hili limetoholewa kutoka Kiingereza, lakini lilipoingia katika Kiswahili lilipata maana mbili. Ya kwanza ni aina au namna, kama mtu asemapo, "Sijapata kuona watu wa sampuli ile." Ya pili ni kielelezo, yaani sehemu inayochukuliwa ili kuonyesha hali ya kitu kizima. Maana hizi zinakaribiana, nao ukaribu huo una hatari yake. Msemaji anayemwona mtu mmoja akamhukumia "sampuli" nzima ya watu ameruka kutoka maana ya pili hadi ya kwanza bila ya kupitia hatua yoyote ya uteuzi.

Wahenga walisema kuwa samaki mmoja akioza huoza wote. Watu wengi huitumia methali hii kana kwamba inafundisha kuwa mmoja anatosha kuwahukumu wengine. Ukiitazama kwa makini, methali inasema jambo jingine: uozo huambukiza. Hilo ni onyo juu ya uhifadhi na wala si kibali cha kujumlisha. Mtafiti anayahitaji mafunzo yote mawili, yaani asijumlishe kwa samaki mmoja, na asiwaweke wazima pamoja na waliooza.

3.0 SAMPULI ZA DAMU: HOSPITALI YA KILIFI

Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, iliundwa mwaka 1979. Mnamo 1989, kwa ushirikiano na shirika la Wellcome Trust la Uingereza, mpango wa utafiti ulianzishwa Kilifi, kando ya hospitali ambayo siku hizi ni Hospitali ya Kaunti. Mwaka 2000 ulianza mfumo wa kuwaorodhesha wakazi wa eneo la takriban kilomita za mraba 891 linalouzunguka mji. Wakusanyaji wa taarifa walizuru boma kwa boma wakiandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama.

Msomaji anaweza kuuliza kuhesabu watu kunahusiana vipi na damu. Jibu ni kwamba damu ya mtoto mmoja mgonjwa haisemi lolote kuhusu ukubwa wa ugonjwa katika jamii iwapo hatujui mtoto huyo ametoka miongoni mwa watoto wangapi. Sampuli huhitaji kitu kizima kinachojulikana, la sivyo ni sehemu ya kitu kisicho na mipaka.

3.1 Ukusanyaji

Tuchukue kipimo cha kuotesha vimelea kutoka katika damu. Mhudumu hunawa mikono, huvaa glavu, huipangusa ngozi ya mgonjwa kwa spiriti na kungoja ikauke. Kisha huchota mililita chache tu na kuzitia katika chupa yenye kimiminika cha lishe, ambamo bakteria, wakiwamo, wataongezeka. Hatua ya kungoja spiriti ikauke huonekana ndogo, lakini ikirukwa, bakteria wanaoishi juu ya ngozi ya kila mtu mzima wa afya wataingia chupani. Siku mbili baadaye maabara itatangaza kwamba vimelea vimeota, na mtoto atatibiwa ugonjwa asio nao.

Kosa la upande wa pili pia lipo. Mzazi aliyeanza kwa kumnunulia mtoto dawa za kuua bakteria dukani huenda akafika hospitalini akiwa na mtoto mgonjwa ambaye chupa yake haioti kitu. Hapo matokeo matupu hayamaanishi kuwa ugonjwa haupo. Yanamaanisha kuwa shahidi amenyamazishwa. Fauka ya hayo, sampuli za hospitali ni za wale tu waliofika hospitali. Mtoto aliyefia nyumbani kwa sababu ya mvua, umbali au ukosefu wa nauli hayumo ndani ya chupa yoyote.

3.2 Uhifadhi

Kila kipimo kina chombo chake. Damu ya kuhesabiwa chembechembe huwekwa katika kichupa chenye dawa inayoizuia isigande. Damu ya kutafutiwa kingamwili huachwa igande kwa makusudi ili majimaji ya juu yatengwe. Tone la damu ya malaria hutandazwa juu ya kioo, nalo tone jingine huachwa nene. Lile jembamba hukazwa kwa methanoli ili seli zibaki na umbo lake, ilhali lile nene halikazwi ili seli nyekundu zipasuke na vimelea vionekane kwa urahisi. Mtu akivikanganya vichupa hivyo, hakuna mashine yoyote itakayomrekebishia.

Bakteria waliooteshwa waweza kuhifadhiwa kwa miaka mingi katika majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na seli hai katika nitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, ambayo ina baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Baridi hiyo ni kazi bure bila ya kibandiko. Kibandiko hutaja namba ya mgonjwa badala ya jina lake, tarehe, saa na aina ya sampuli. Kichupa kisicho na kibandiko, hata kikiwa na damu safi kiasi gani, hutupwa.

3.3 Upimaji na Faida Yake

Kati ya mwaka 1998 na 2002, zaidi ya watoto 19,000 waliolazwa Kilifi walipimwa damu kwa njia hii. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba takriban robo ya vifo vya watoto hospitalini vilihusiana na bakteria katika damu. Kabla ya hapo, homa kali ya mtoto wa Pwani ilikuwa rahisi kuhesabiwa kuwa malaria.

Kenya ilianza kutoa chanjo ya bakteria wa Hib mwaka 2001. Kwa kuwa sampuli zilikuwa zikikusanywa kwa utaratibu uleule kabla na baada ya chanjo, iliwezekana kulinganisha: maradhi makali ya Hib kwa watoto wa chini ya miaka mitano yalishuka kutoka visa 66 hadi karibu 8 kwa kila watoto 100,000. Mwaka 2011 ikaja chanjo ya bakteria wa numokokasi, wanaosababisha nimonia na homa ya uti wa mgongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa maradhi makali yatokanayo na aina za bakteria zilizolengwa na chanjo hiyo yalipungua kwa asilimia 92 miongoni mwa watoto wadogo wa Kilifi. Tarakimu hizi hazikutokana na kipimo kimoja cha ajabu. Zilitokana na watu kufanya jambo lilelile kwa namna ileile kwa zaidi ya miaka kumi.

4.0 SAMPULI ZA MIFUPA NA UDONGO: PANGA YA SAIDI

Bara kidogo kutoka ufuoni, katika Kaunti hiyohiyo ya Kilifi, liko pango la Panga ya Saidi. Wanaakiolojia wakishirikiana na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya walianza kulichimba mwaka 2010. Mwaka 2013 waliona dalili za kwanza za mifupa, na mwaka 2017, takriban mita tatu chini ya sakafu ya pango, walilifukua shimo lililokuwa na mifupa iliyooza kiasi cha kutoweza kuguswa. Hawakuing'oa. Waliuzungushia udongo wote plasta, wakauinua kama bonge moja, wakalipeleka Nairobi na hatimaye katika maabara ya Burgos, Uhispania, ambako lilifunguliwa polepole. Ndani yake mlikuwa na mtoto wa miaka baina ya miwili na nusu na mitatu, aliyelazwa ubavu akiwa amekunjwa miguu. Taarifa yake ilitolewa mwaka 2021: alizikwa takriban miaka 78,000 iliyopita, nalo ndilo kaburi la binadamu la kale zaidi linalojulikana barani Afrika. Watafiti walimwita Mtoto.

Laiti mifupa ile ingeokotwa mmoja mmoja, tungebaki na mifupa tu. Mkao ndio uliothibitisha kwamba mtoto alizikwa, wala hakuanguka pale. Kwa hiyo katika akiolojia, sampuli ni kitu pamoja na mahali pake.

Umri nao haukuweza kupimwa kwa kaboni, kwani njia hiyo hufika kikomo kwenye miaka 50,000 hivi. Ilitumiwa njia ya nuru. Chembe za mchanga zikifukiwa hujilimbikizia nishati kutokana na mnururisho hafifu wa udongo. Zikipigwa na jua, nishati hiyo hutoka na hesabu huanza upya. Kwa sababu hiyo, sampuli ya kipimo hiki sharti ikusanywe bila ya kuona nuru. Bomba lisilopitisha mwanga huchomekwa katika ukuta wa shimo, huzibwa pande zote mbili, na hufunguliwa maabarani chini ya taa nyekundu hafifu. Mwangaza unaomsaidia mpiga picha ndio unaomuua shahidi huyu.

Mfano mwingine umetoka Mtwapa, kusini mwa Kaunti. Mwaka 2023 zilichapishwa tafiti za DNA ya watu 80 waliozikwa katika makaburi ya mwambao, Mtwapa ikiwemo. Zilionyesha kwamba wengi wao walikuwa na asili ya Kiafrika, hasa upande wa kina mama, na ya Kiasia, hasa Kiajemi, upande wa kina baba, na kuwa mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Ili kupata DNA hiyo, sehemu ndogo ya mfupa au jino husagwa kuwa unga. Hapa tunafundishwa jambo zito: upimaji hula sehemu ya shahidi. Kilichosagwa hakirudi, kwa hiyo swali linaloulizwa lazima liwe na thamani ya kile kinachopotea.

5.0 SAMPULI ZA LUGHA

5.1 Uchafuzi

Tuseme mwanafunzi amekwenda kijiji cha karibu na Kilifi kukusanya msamiati wa Kigiriama. Anamwuliza kijana kwa Kiswahili, "Maji mnayaitaje?" Kijana, kwa adabu au kwa mazoea ya mjini, anajibu, "Maji." Mwanafunzi anaandika maji. Akimwendea bibi aliyeketi uani akasikiliza bila ya kuuliza, atasikia madzi. Na akiendelea kusikiliza atasikia mudzi kwa mji, dzina kwa jina, dzitso kwa jicho. Hapo mlingano wa sauti dz na j utamdhihirikia, na huo ni ushahidi wa undugu wa lugha hizi mbili. Lile jibu la kwanza ni sawa na bakteria wa ngozi ndani ya chupa: limeingizwa na mkono wa mkusanyaji mwenyewe.

Mwanaisimu William Labov alilieleza tatizo hili mwaka 1972: tunataka kujua watu huzungumza vipi wasipotazamwa, lakini hatuna njia ila kuwatazama. Spiriti ya mwanaisimu ni muda. Hana budi kukaa hadi kinasasauti kisahaulike.

5.2 Kibandiko

Katika karne ya kumi na tisa, mmishenari W. E. Taylor alikusanya methali za Kiswahili, akachapisha mkusanyo wake mwaka 1891, mwaka uleule alipochapisha msamiati wa Kigiriama. Kwa msaada wa Mwalimu Sikujua wa Mombasa, alikusanya pia mashairi ya Muyaka bin Haji, miongo minne hivi baada ya mshairi huyo kufariki. Maandishi hayo, pamoja na maelezo yake, yamehifadhiwa London, na ndiyo yaliyomwezesha Mohamed Hassan Abdulaziz kuandika kitabu chake juu ya Muyaka mwaka 1979. Bila ya mtu aliyejua shairi lilitungwa kwa tukio gani na kumjibu nani, beti nyingi zingalikuwa mafumbo yasiyo na ufunguo. Maelezo ya Sikujua ndiyo kibandiko.

Tujihoji na sisi. Ni wangapi kati yetu walio na faili za sauti zilizoandikwa "mzee wa pili" au "kanda mpya", bila ya kijiji, tarehe, umri wala lahaja? Maabarani, sampuli kama hizo zingetupwa siku ileile. Joto na unyevu wa Pwani huharibu kanda, na mchwa hawachagui daftari. Rekodi yapaswa kunakiliwa mara moja, nakala zikawekwa mahali tofauti, na maelezo yake yakaandikwa siku hiyohiyo kabla kumbukumbu haijafifia.

5.3 Uwakilishi

Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, iliyoasisiwa na Arvi Hurskainen, ina maneno takriban milioni 25 katika toleo lake la pili. Ni hazina kubwa. Hata hivyo, imejengwa kwa magazeti, vitabu na mijadala ya bunge. Mtafiti akikosa neno humo hawezi kusema kuwa Waswahili hawalitumii. Anaweza kusema tu kwamba waandishi na wabunge hawakulitumia katika matini zile. Neno la mvuvi wa Takaungu linafanana na yule mtoto ambaye hakufika hospitali.

5.4 Lugha Isiyosikika: Kibarani

Kibarani, kandokando ya mji wa Kilifi, kuna shule ya viziwi. Jina la mahali hapo latukumbusha kwamba si kila lugha huingia katika kinasasauti. Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya 2010 inaitaka serikali kuikuza, hukaa katika mikono, mabega na uso. Sampuli yake sharti iwe ya picha inayotembea, yenye nuru ya kutosha, na fremu isiyokata kiwiko wala nyusi, kwa sababu nyusi zina kazi ya kisarufi.

Hapa linazuka swali ambalo maabara ya damu haina. Namba yaweza kuficha jina la mwenye damu, lakini uso wa msemaji wa lugha ya ishara hauwezi kufichwa bila ya kuifuta lugha yenyewe. Basi anayeombwa sampuli hiyo, na mzazi wake akiwa ni mtoto, anastahili kuelezwa kinaga ubaga, tena katika lugha yake, kwamba atajulikana. Jambo hili latuongoza kwenye suala la ridhaa.

6.0 RIDHAA NA LUGHA YA KUOMBEA

Kamusi za zamani zinaeleza mumiani kuwa dawa nyeusi mfano wa utomvu, ambayo watu waliamini kuwa imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Hofu ya mumiani ilienea Afrika Mashariki wakati wa ukoloni na haijakoma kabisa. Ni rahisi kwa msomi kuicheka. Lakini ndani yake mna maswali matatu ya haki kabisa: damu yangu inakwenda wapi, ni nani anafaidika nayo, na kwa nini sikuambiwa?

Tafiti zilizofanywa Kilifi juu ya ridhaa zilionyesha kwamba wazazi wengi hawakutofautisha utafiti na matibabu ya kawaida. Sehemu ya tatizo ni ya lugha. Kitenzi kupima hubeba kumpima mgonjwa ili atibiwe na kupima jambo ili lijulikane. Kutolewa damu, katika kauli ya kutendwa, humfanya mtu kuwa kitu kinachotendewa. Kutoa damu humfanya mtoaji, ambaye pia aweza kukataa kutoa. Kusema "mililita 2" ni sahihi, bali mama aliyempakata mtoto ataelewa zaidi akiambiwa "chini ya nusu ya kijiko cha chai". Na anayeambiwa kuwa damu "itahifadhiwa" anastahili kujua kwa miaka mingapi, nchi gani, na kama itapimwa mambo mengine ambayo hayajafikiriwa bado.

Kazi ya kuchagua maneno hayo si ya daktari peke yake. Fomu za ridhaa hutafsiriwa kwa Kiswahili na Kigiriama, na tafsiri mbovu huharibu sampuli kama vile joto linavyoiharibu, kwa sababu idhini iliyopatikana bila ya kuelewa si idhini.

7.0 HITIMISHO

Tumeona kwamba damu hutaka baridi, mchanga hutaka giza, mifupa hutaka mahali pake, na ishara hutaka nuru. Masharti yanatofautiana, ila kanuni ni moja: ijulikane sampuli imetoka katika kitu kizima gani, isichafuliwe na mkono wa mkusanyaji, iandikwe ilikotoka, na aliyeitoa awe amekubali akijua.

Tunapendekeza kwamba vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vianzishe hifadhi za pamoja za rekodi za lugha, zenye utaratibu mmoja wa vibandiko, ili kazi ya mwanafunzi wa leo iweze kupimwa upya na yule wa miaka arobaini ijayo. Vilevile, wanafunzi wa tafsiri wajitokeze kusaidia kuandika fomu za ridhaa zinazoeleweka vijijini. Bibi aliyetamka madzi uani kwake hatakuwepo siku zote. Siku atakapoulizwa na kizazi kingine, atajibu kwa kile tulichokihifadhi. Na kama hatukuhifadhi kitu, atakaa kimya.